NYONGA ILIYOCHAKAA: NI WAKATI GANI UPASUAJI UFIKIRIWE?

Viungo vya mwili wa binadamu vinavyobeba mzigo mzito kama nyonga ni vichache. Jambo hili hudhihirika zaidi kwa mkazi wa Bukoba au Muleba, mkoani Kagera. Njia ziendazo kwenye vibanja hupanda na kushuka miteremko, na mvua nyingi za upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria huzifanya ziteleze. Mikungu ya ndizi hubebwa kichwani, migomba hupaliliwa kwa kuinama, na choo kilicho nyuma ya nyumba aghalabu ni cha kuchuchumaa. Nyonga ikiharibika, hasara haimpati mgonjwa peke yake. Kibanja huota magugu, kahawa huchelewa kuchumwa, na mtoto mmojawapo huanza kukosa shule ili amsaidie mzazi wake.

Tangu mwaka 1962 dunia imekuwa na tiba iliyo thabiti kwa nyonga iliyokwisha kabisa, nayo ni kuiondoa na kuweka kiungo cha bandia. Tiba hiyo ni kubwa na ya gharama, na mara ifanyikapo haiwezi kurudishwa nyuma. Kwa sababu hiyo mgonjwa na jamaa zake hukabiliwa na swali gumu: wakati wa kuifikiria umefika, au bado? Swali hilo lina majibu ya kisayansi, nayo huanzia katika umbo la kiungo chenyewe.

UMBO LA NYONGA

Nyonga imeundwa kwa tufe lililoketi ndani ya kikombe. Tufe ni kichwa cha fupa la paja, nacho kikombe kimechimbwa ubavuni mwa mfupa wa kiuno. Nyuso zote mbili zimefunikwa kwa gegedu, ambayo ni tabaka laini lenye utelezi, na kati yake kuna ute unaopunguza msuguano. Muundo huu huuwezesha mguu kwenda mbele na nyuma, kutanuka kando, na kuzunguka.

Gegedu haina mishipa ya damu wala neva. Ndiyo sababu mtu haoni maumivu inapoanza kulika, na ndiyo sababu pia ikishalika haijijengi upya kama ngozi. Hali kadhalika, damu iendayo kwenye tufe hupitia mishipa michache na myembamba inayokwea shingo ya fupa la paja. Mishipa hiyo ikizibwa au kukatika, tufe hukosa chakula na hewa, likafa, kisha likabonyea.

HESABU YA WENZO

Watu wengi hudhani kwamba mtu mwenye uzito wa kilo 60 huitwika nyonga yake kilo 60 tu. Kanuni ya wenzo, ambayo wanafunzi wa sekondari huisoma katika fizikia, huonyesha kwamba sivyo.

Mtu anaposimama kwa mguu mmoja, kama afanyavyo katika kila hatua ya kutembea, nyonga ya mguu huo huwa egemeo. Uzito wa mwili, ukiondoa ule mguu uliosimama, ni kama newtoni 500, nao huvuta kuelekea chini umbali wa takriban sentimeta 12.5 kutoka kwenye egemeo. Ili kiuno kisianguke upande huo, misuli ya ubavuni mwa nyonga huvuta upande wa pili, lakini yenyewe ipo umbali wa sentimeta 5 tu. Kwa hiyo inalazimika kuvuta kwa kani ya newtoni 500 mara 12.5 gawanya kwa 5, yaani newtoni 1,250. Egemeo hubeba jumla ya kani zote mbili, 500 na 1,250, ambayo ni newtoni 1,750. Hiyo ni karibu mara tatu ya uzito wa mtu mzima yule.

Akijitwika mkungu wa kilo 20, ambao ni newtoni 200, misuli itaongeza newtoni 500, na nyonga itaongezewa newtoni 700. Kwa maneno mengine, kila kilo moja iliyo kichwani huwa kilo tatu na nusu nyongani. Hesabu hii imerahisishwa, kwani mwili halisi una misuli mingi inayovuta kwa pembe mbalimbali, lakini jibu lake haliko mbali na vipimo vya wataalamu.

Kanuni hiyohiyo hueleza faida ya mkongojo. Mgonjwa mwenye maumivu ya nyonga ya kulia akishika mkongojo kwa mkono wa kushoto na kuukandamiza kwa newtoni 100, ardhi humsukuma juu kwa kani hiyo umbali wa kama sentimeta 40 kutoka kwenye nyonga. Sasa misuli huhitaji kuvuta newtoni 450 tu badala ya 1,250, na mzigo wa nyonga hushuka hadi newtoni 850. Umepungua kwa zaidi ya nusu! Wengi hushika mkongojo upande uleule wenye maumivu. Huko nafuu hiyo haipatikani, kwa kuwa kani ya mkongojo huwa haiko tena upande wa uzito unaohitaji kupunguzwa.

NYONGA HUHARIBIKAJE?

Katika nchi za Ulaya sababu kuu ya nyonga kuharibika ni kulika kwa gegedu kunakoandamana na uzee. Barani Afrika sababu hiyo ipo pia, lakini uchunguzi wa nchi kadhaa umeonyesha kwamba kufa kwa tufe kuna nafasi kubwa zaidi kuliko Ulaya, na huwapata watu wenye umri mdogo. Malawi ilianza mwaka 2005 kuweka daftari la taifa la viungo vya bandia, na humo kufa kwa tufe kumeonekana kuwa miongoni mwa sababu kubwa za kubadilisha nyonga.

Kwa Kagera, sababu za kufa kwa tufe zina uzito wa pekee. Ya kwanza ni selimundu. Uchunguzi wa damu za watoto wachanga wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania umeonyesha kwamba karibu mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa na ugonjwa huo, na karibu 1 kati ya 5 hubeba kinasaba chake kutoka kwa mzazi mmoja. Chembe nyekundu za damu zilizopinda kama mundu huziba mishipa midogo, na tufe la nyonga ni mahali palipo rahisi kuathirika. Sababu nyingine ni unywaji wa pombe kwa wingi kwa miaka mingi, na matumizi ya muda mrefu ya dawa za jamii ya steroidi. Wenye virusi vya UKIMWI, ugonjwa ambao wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, nao huathirika zaidi kuliko watu wengine.

Zipo pia ajali zinazovunja mfupa au kutegua kiungo, kifua kikuu cha nyonga, na usaha unaoingia kiungoni utotoni. Haya mawili ya mwisho hutibika kwa dawa na huduma ya mapema. Mtoto anayechechemea na kupata homa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, bila kungojea kuona kama atapona kwa kukandwa.

KIUNGO CHA BANDIA

Mwaka 1891 daktari wa Kijerumani, Themistocles Gluck, alieleza jinsi alivyotumia pembe za ndovu kutengeneza viungo vya bandia. Mwaka 1938 Philip Wiles wa London alijaribu chuma cha pua. Vifaa hivyo havikudumu, kwani vililegea au vilisagana.

Aliyefaulu ni John Charnley, mpasuaji wa hospitali ya Wrightington nchini Uingereza. Wazo lake lilikuwa la kifizikia: kupunguza msuguano. Alitumia tufe dogo la chuma, lenye kipenyo cha milimita 22 hivi, ndani ya kikombe cha plastiki, akavishikiza mfupani kwa saruji maalumu. Plastiki ya kwanza ililika upesi, na wagonjwa wengi walilazimika kupasuliwa tena. Mwezi Novemba 1962 akaanza kutumia polithini ya molekuli ndefu, iliyo ngumu na yenye utelezi, nayo ikadumu. Siku hizi matufe hutengenezwa kwa aloi za kobalti na kromiamu au kwa kauri, lakini kanuni imebaki ileile.

Kiungo hicho hakidumu milele. Kumbukumbu za nchi zenye madaftari ya miaka mingi zinaonyesha kwamba baada ya miaka 15 takriban viungo 9 kati ya 10 huwa bado vinafanya kazi, na baada ya miaka 25 ni karibu 6 kati ya 10. Tarakimu hizo ndizo msingi wa uamuzi wote. Mtu wa miaka 65 huenda asihitaji kiungo cha pili maishani mwake, lakini kijana wa miaka 20 ni karibu hakika atakihitaji, na upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza.

MAMBO YA KUPIMA

Hakuna kipimo kimoja kinachoamua. Daktari na mgonjwa hupima mambo kadhaa kwa pamoja.

(a) Mahali pa maumivu. Maumivu ya nyonga yenyewe husikika hasa kinenani, na mara nyingine hushuka hadi gotini. Maumivu ya matakoni na mgongoni huenda yakatoka kwenye uti wa mgongo, na hayo hayaponi kwa kubadilisha nyonga.

(b) Wakati wa maumivu. Maumivu yanayokuja baada ya mwendo mrefu na kutulia kwa kupumzika yanaweza kusubiri. Yale yanayomwamsha mgonjwa usiku, na kuendelea hata amekaa, ni dalili nzito.

(c) Kazi zilizoshindikana. Je, mgonjwa anaweza kuvaa viatu na kukata kucha za miguu? Anaweza kuchuchumaa, kufika sokoni, kupanda basi? Ni vema kuandika mambo hayo kila mwezi, ili ionekane kama hali inazidi kushuka.

(d) Tiba zilizokwisha kujaribiwa. Mkongojo, mazoezi ya kuimarisha misuli, kupunguza uzito uliozidi, kuacha kubeba mizigo kichwani, na dawa za maumivu kwa maelekezo ya daktari, vyote vipewe miezi kadhaa. Dawa kama diklofenaki zinunuliwazo dukani na kumezwa mwaka baada ya mwaka huweza kutoboa tumbo na kuharibu figo.

(e) Picha ya eksirei. Picha huonyesha kama nafasi ya gegedu imekwisha au tufe limebonyea. Lakini picha peke yake haitoshi. Wako wenye picha mbaya ambao wanalima bila shida, na kinachotibiwa ni mtu, si picha.

(f) Afya ya mwili. Jipu, kidonda cha mguuni, jino bovu au maambukizo ya mkojo yatibiwe kwanza, kwa sababu vijidudu vikifika kwenye kiungo cha bandia ni vigumu mno kuviondoa. Shinikizo la damu, kisukari na upungufu wa damu vidhibitiwe. Mwenye virusi vya UKIMWI anayetumia dawa barabara, na ambaye kinga yake ni nzuri, hazuiliwi kwa sababu hiyo.

Maumivu mazito, kazi zilizoshindikana, tiba nyingine zilizogonga mwamba, na picha inayoafikiana na hayo yote: vikikutana hivyo, wakati wa kufikiria upasuaji umefika. Kuchelewa kupita kiasi nako kuna hasara. Misuli hunywea, kiungo hukakamaa, mguu hufupika, nalo goti na mgongo huanza kuumia kwa kubeba mwendo uliopinda. Mgonjwa wa namna hiyo hupata nafuu ndogo kuliko yule aliyetibiwa kwa wakati.

MIFANO MITATU

Mkulima wa kahawa mwenye miaka 63, kutoka uwanda wa Kamachumu, ana maumivu ya kinena kwa miaka minne. Amejaribu mkongojo na mazoezi, lakini halali usiku wala hafiki tena kwenye kibanja. Picha inaonyesha gegedu imekwisha. Huyu ndiye ambaye upasuaji humfaa zaidi.

Mwanafunzi wa kidato cha sita mwenye selimundu ana tufe lililoanza kufa ila halijabonyea. Kwake yeye busara ni kulilinda tufe lake mwenyewe kwa muda mrefu iwezekanavyo: kupunguza mzigo kwa magongo, kuhudhuria kliniki, na kutumia dawa kama hidroksiurea akielekezwa. Zipo pia operesheni ndogo zinazofanywa tufe likiwa bado na umbo lake. Likibonyea na maumivu kumnyima masomo, umri mdogo usiwe sababu ya kumwacha ateseke. Upasuaji wake, hata hivyo, huhitaji maandalizi ya pekee ya damu, maji, hewa na joto la mwili.

Bibi wa miaka 78 ameteleza njiani wakati wa mvua. Hawezi kusimama, mguu wake umefupika na kugeukia nje. Kwake hakuna swali la kusubiri, kwani shingo ya fupa la paja huenda imevunjika. Apelekwe hospitali mara moja, kwa kuwa mzee anayelazwa kitandani kwa majuma hupata vidonda, nimonia na kuganda kwa damu mishipani. Aghalabu huwekewa tufe la bandia bila kubadilishwa kikombe.

SAFARI NA MAANDALIZI

Wilayani Muleba zipo hospitali za Ndolage, Rubya na Kagondo, na mjini Bukoba ipo hospitali ya rufaa ya mkoa. Huko ndiko uchunguzi wa kwanza, picha na matibabu yasiyo ya kisu huanzia. Hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa ni Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971. Msafiri wa barabara kutoka Bukoba hupita siku hizi kwenye daraja la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, badala ya kungoja kivuko. Mbali zaidi zipo KCMC ya Moshi na Taasisi ya Mifupa Muhimbili iliyoanzishwa mwaka 1996 huko Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,300 kutoka Bukoba.

Kiungo chenyewe huagizwa kutoka nchi za nje, na gharama yake si ndogo. Si busara ukoo kuuza kibanja kabla ya kuuliza mambo manne: gharama yote ni kiasi gani pamoja na safari na kurudi kuchunguzwa, bima italipa sehemu gani, ni nani atamuuguza mgonjwa miezi mitatu ya kwanza, na je, zipo tiba nyingine ambazo hazijajaribiwa?

Nyumba nayo iandaliwe mapema. Katika majuma ya mwanzo nyonga mpya huweza kuteguka ikikunjwa kupita pembe mraba, au miguu ikipishanishwa. Choo cha kuchuchumaa hakifai. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti imara chenye tundu na kukiweka juu ya shimo. Kigoda kifupi cha jikoni kiwekwe kando, na kitanda kiinuliwe. Mama aliyezoea kupiga magoti anapowasalimu wakubwa aelezwe kwamba anaweza kusalimu akiwa amesimama au ameketi, na jamaa waelezwe pia ili asionekane amekosa adabu. Kulima kwa kuinama na kubeba mikungu huachiwa wengine. Kutembea, kwa upande mwingine, ni dawa, na huanza siku ya kwanza au ya pili baada ya upasuaji.

JARIBIO LA DARASANI

Chukua rula ya mita moja na uitundike kwa mizani ya springi penye alama ya sentimeta 50. Andika usomaji wa mizani, ambao ni uzito wa rula. Tundika gramu 100 penye alama ya 62.5; huo ni uzito wa mwili. Kisha tundika gramu 250 penye alama ya 45. Hiyo ni misuli. Rula itatulia, na mizani itaongezeka kwa gramu 350, yaani mara tatu na nusu ya uzito wa mwili.

Sasa funga uzi penye alama ya 90, uupitishe juu ya kapi, na ncha ya pili uning'inize gramu 20. Huo ni mkongojo. Punguza misuli mpaka rula itulie tena. Zitabaki gramu 90, na mizani itaonyesha nyongeza ya gramu 170 tu. Wanafunzi wakokotoe wenyewe kwa nini. Kisha warudi nyumbani wakatazame babu na bibi zao wameshika mkongojo kwa mkono upi.